Musumba: Kipwa kisiwe wakati wa kulaza mguu

Kila mwaka ni vilevile. Mvua inakatika, msimu wa mechi unaisha, mpira unafungwa ndani ya gunia. Mwezi wa 9 kijana anarudi kiwanjani na pumzi fupi, na mguu wake dhaifu umebaki dhaifu. Halafu watu wanauliza kwa nini Lubumbashi haichukui wachezaji kutoka Kapanga.

Wachezaji wa golfu wa Ulaya wana sababu ya kusimama wakati wa baridi: theluji inafunika majani. Hata hivyo hawalali. Wanakaza mgongo na wanarudia pigo moja ndani ya nyumba mpaka mkono unalizoea. Lualaba haina theluji. Hapa kinachoharibu kiwanja ni mvua. Mwezi wa 6 na wa 7 ardhi ni kavu, na mwezi wa 7 masomo yanafungwa. Muda bora kuliko huo hakuna.

Kazi yenyewe haiombi pesa nyingi. Mwili upashwe moto kwanza, kwani asubuhi ya kipwa misuli baridi inaumia haraka. Kisha mbio, na ukuta mmoja: pasi 100 kwa mguu dhaifu, kila siku. Vumbi likizidi, kiwanja kimwagiwe maji. Mchezaji naye anywe maji hata kama hasikii kiu.

Lakini mzigo huu si wa vijana peke yao. Kipwa ndicho kipindi mashimo ya kobalti ya Kolwezi yanakauka na kuita vijana. Asiye na kiwanja wala kocha anapanda lori, na si wote wanaorudi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inatoa 15% ya mrabaha kwa maeneo yenye migodi na 25% kwa jimbo. Migodi mikubwa ya shaba iko Kolwezi na Fungurume, mbali na Musumba. Kwa hiyo Kapanga inapaswa kudai haki yake katika ile 25%, kwani nayo ni Lualaba.

Makocha wawili wanaolipwa kwa miezi mitatu, mipira 20 na nyavu: hayo si maombi makubwa kwa jimbo la shaba. Wazee wa Musumba na wabunge wa Kapanga wayapeleke Kolwezi kabla ya mwezi wa 5. Kipwa hakingojei mtu.