Tunapenda Visa vya Uhalifu, Lakini Tuchunge Dhana



Sisi ni mafundi wa nguo za harusi. Fremu yetu ya kwanza ipo Iringa mjini, upande wa Miyomboni, na ya pili ipo Mbeya, Mwanjelwa. Kupachika shanga kwenye gauni la nikah ni kazi ya saa nyingi. Macho hayabanduki kwenye kitambaa, kwa hiyo masikio lazima yapewe kazi yake. Asubuhi tunaweka Qur'ani. Baada ya adhuhuri, tusifichane, tunasikiliza nani kaua.

Na si sisi tu. Panda basi la Iringa kwenda Mbeya uone. Mafinga abiria wanapiga soga, Makambako wanakula mahindi ya kuchoma, lakini kwenye skrini ikiwekwa sinema ya majambazi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, basi zima linanyamaza. Kondakta akiizima tunapoingia Uyole kabla muuaji hajajulikana, atatukanwa na watu wazima. Na mabibi harusi wetu nao wanakuja kupimwa, mikono wameinua, hedifoni sikioni, wanasikiliza podikasti ya kesi ya mauaji huku wiki mbili zimebaki waolewe.

Mama wa mmoja wao alituuliza mwezi uliopita: "Wanangu, mnapata nini kwenye mambo ya damu?" Tulicheka, lakini swali halikutuacha. Leo tunalijibu.

Kwanza, hatupendi damu. Damu ikionyeshwa tunaziba macho kwa mtandio. Tunachopenda ni jibu. Katika maisha yetu mambo mengi hayana jibu. Mteja anachukua gauni, anaahidi kumalizia pesa Ijumaa, simu haipatikani tena. Mume wa jirani anaondoka kwenda kutafuta maisha Tunduma, miaka inapita. Lakini katika tamthilia, sehemu ya mwisho ikifika, aliyesema uongo anaumbuka na aliyeonewa anasafishwa. Mtu aliyezoea kuonewa anapata raha kuona haki inatendeka, hata kama ni kwenye kioo.

Pili, wanawake tunajifunza hatari. Tunasikiliza namna mwanamke fulani alivyodanganywa, alivyotengwa na ndugu zake kidogo kidogo, na tunajiambia: kumbe dalili ilikuwepo. Tatu, kuna utamu wa kutumia akili. Nyie wa visiwani mnaujua zamani kuliko sisi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimpa Bwana Msa kiko na akili ya kuunganisha vitu vidogo vidogo katika Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka wa 1957 hadi 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Bara tulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, vitabu vilivyoazimwa bweni zima mpaka jalada likatoka. Kwa hiyo mapenzi haya hayakuletwa na intaneti. Mama zetu walikuwa nayo, ila wao walisoma kwa kibatari.

Na tukienda mbali zaidi, Allah mwenyewe ametusimulia kisa chenye njama, uongo, jela na ushahidi, na akakiita kisa kizuri kabisa. Sisi wa cherehani tunaipenda Sura Yusuf kwa sababu yetu: ndani yake kuna kanzu tatu. Ya kwanza ililetwa na kaka zake ikiwa na damu ya uongo. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Yaaqub aliitazama akaona haikuraruka. Mbwa mwitu gani huyo anayemla mtu bila kuchana nguo yake? Ya pili ilichanika, na shahidi kutoka kwa jamaa za yule mwanamke akatoa kipimo: ikichanika mbele mwanamke amesema kweli, ikichanika nyuma Yusuf ndiye mkweli. Wakaitazama, imechanika nyuma. Ya tatu iliwekwa usoni kwa baba, macho yakarudi.

Fundi yeyote anajua kitambaa hakisemi uongo. Aliyevuta kwa nyuma na aliyevuta kwa mbele hawaachi mchaniko mmoja. Lakini tazameni vizuri, dada zetu: yule shahidi hakusema "namjua huyu kijana, ana sura ya hatia." Alisema itazamwe kanzu. Hapo ndipo sisi tulipoanguka, na tunasimulia kwa aibu.

Mwaka jana, kabla ya Eid ya kuchinja, lesi ya bi harusi mmoja ilipotea Iringa. Mita sita, nyeupe, aliitoa Dar es Salaam mwenyewe, kila mita kwa bei inayouma. Tulipekua kila jora, hatukuiona. Wiki hizo tulikuwa tumezama kwenye sizoni moja ya upelelezi, tumekesha nayo, na bila kujua tukaanza kuongea kama wapelelezi. Nani alibaki wa mwisho Alhamisi? Nani kanunua simu mpya? Nani akiulizwa anatazama chini? Majibu yote yalimwangukia binti mmoja, mwanafunzi wetu wa ushonaji, mgeni kuliko wote, mtoto wa mjane wa Mlandege.

Kila alichofanya kikawa ushahidi. Akinyamaza, ana hatia. Akijitetea, kajiandaa. Mmoja wetu akafungua mkoba wake alipokwenda kuswali. Hamkuwa na lesi. Mlikuwa na sabuni, msahafu mdogo, na chapati mbili ndani ya mfuko. Hata hilo halikututosha. Tukamwambia apumzike nyumbani mpaka ukweli ujulikane, na kabla jua halijazama fremu zote za jirani zilishajua kwamba kwetu kuna mwizi.

Siku ya tatu Mbeya wakapiga simu. Lesi ipo Mwanjelwa. Ilikuwa imekunjwa ndani ya gauni jingine, kwenye mzigo tulioupeleka kwa basi. Aliyefunga mzigo ule si binti. Ni sisi, kwa mikono yetu.

Tulikwenda Mlandege jioni ile ile. Mama yake alitukaribisha, akatupa chai, ndipo akasema: "Wanangu, simu nilimnunulia mimi. Niliuza magunia mawili ya mahindi ili awe anapiga picha kazi zake. Mngeniuliza ningewaambia." Tulilia. Alitusamehe. Binti naye alisema amesamehe, lakini hakurudi kazini. Siku hizi anashona kwa fundi mwingine na anashona vizuri. Tukikutana sokoni anatusalimia, "Shikamooni," anapita. Salamu hiyo inatuuma kuliko angetutukana.

Tulikuwa tunajua aya. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa dhana nyingi, tumekatazwa kupelelezana, tumekatazwa kusengenyana, mambo matatu kwa mpangilio huo huo. Sisi tuliyafanya kwa mpangilio huo huo: tukadhani, tukapekua mkoba, tukasema kwa majirani. Tulikuwa tunajua pia kisa cha mama yetu Aisha, Allah amridhie. Kilianza na kitu kilichopotea. Alirudi nyuma kutafuta kidani chake, msafara ukamwacha, na alipoletwa midomo ikamaliza kazi. Aliumwa na kulia karibu mwezi mzima mpaka Sura ya Nur ikamsafisha. Aisha alisafishwa kwa wahyi. Binti wa Mlandege asafishwe na nani, kama si sisi tuliomchafua? Ndiyo sababu tulipita fremu moja moja tukieleza kosa letu, na ndiyo sababu tunaliandika hapa.

Je, tamthilia ndizo zenye makosa? Hapana. Mkoba haukufunguliwa na tamthilia. Ila zilitufundisha haraka. Katika sinema, mpelelezi akimshuku mtu wa tatu akakosea, anamwacha na kisa kinaendelea. Hatuonyeshwi yule aliyeshukiwa anavyoishi mtaani baada ya hapo. Tena kisa kinaisha kwa dakika arobaini na tano. Kesi za kweli haziko hivyo. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, hapa Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mchana, mbele za watu, na picha zikapigwa. Hukumu ya askari aliyetiwa hatiani ilitoka mwaka 2016. Karibu miaka minne familia inasubiri kwa jambo lililotokea hadharani.

Wazee wa Iringa wana kisa chao pia. Siku ya Krismasi mwaka 1971, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, kisha akaupeleka mwili mwenyewe kituo cha polisi mjini. Alihukumiwa kifo akanyongwa. Hapo hakuna fumbo la nani kaua, na bado zaidi ya miaka hamsini baadaye kinasimuliwa, kwa sababu watu wanatafuta kwa nini: mashamba, Ujamaa, heshima, maneno. Lakini tumeona jinsi wazee wanavyokisimulia. Wanashusha sauti. Wanaangalia kwanza nani amekaa pale, kwa sababu koo zote mbili zina watoto na wajukuu. Adabu hiyo podikasti nyingi hazina.

Mwaka 2014 podikasti ya Marekani iitwayo Serial ilisikilizwa na mamilioni ya watu. Ilihusu Adnan Syed, kijana Mwislamu wa Baltimore aliyekamatwa akiwa na miaka 17, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua msichana Hae Min Lee mwaka 1999. Kwa sababu ya usikivu ule kesi ilichimbwa upya. Aliachiwa mwaka 2022, hukumu ya hatia ikarudishwa mwaka 2023, na mwaka 2025 jaji akaamua kwamba muda aliokwisha kukaa jela unatosha. Faida ipo, hatuikatai. Lakini kaka wa marehemu aliieleza mahakama kwamba kwao hii si podikasti, ni maisha yao. Tukisikiliza tukiwa na sindano mkononi, tukumbuke hilo. Kuna mama kule ambaye mtoto wake ndiye kisa chetu cha baada ya adhuhuri.

Sasa neno kwenu, mabibi harusi. Akili ya upelelezi mliyonayo msiitupe, itumieni mahali pake. Mahali pake ni kabla ya nikah. Fatima bint Qays alipoposwa na wanaume wawili alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, na alielezwa wazi aibu ya kila mmoja: huyu hana mali, yule ni mkali kwa wanawake. Kuuliza habari za mchumba siyo kumchimba mtu. Tumeni mjomba aulize kazini kwake, msikitini kwake, kwa mke aliyemwacha kama yupo. Ulizeni yeye mwenyewe uso kwa uso mbele ya walii. Ukiambiwa jambo, ulizia mara ya pili.

Baada ya nikah, kufungua simu yake akiwa bafuni na kuunganisha vipande ni jambo jingine. Hapo mtafanya kama sisi: kila alichofanya kitakuwa ushahidi. Kama kuna dalili ya kweli, anapiga, anatisha, anakufungia, usikae ukichunguza peke yako kama uko kwenye sinema. Toka, waambie wazazi, mfikie kadhi, nenda dawati la jinsia kituo cha polisi. Na kama ni dhana tu, muulize.

Sisi hatujaacha kusikiliza. Jana tulimaliza kisa kizima tukipachika shanga za gauni linalokwenda Pemba, na muuaji alikuwa yule tuliyemdhania tangu mwanzo. Tulifurahi. Kisha mkasi mkubwa ukawa hauonekani mezani. Tulitazamana. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Tukainama wote kutafuta chini ya meza, na ukapatikana chini ya jora la satini, pale pale tulipouweka.