Medali ya desa si medali

Wadau, nimekuwa kimya wiki nzima. Siumwi. Nilikuwa vitani na maputo, na leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo.

Wanaocheza Bloons TD 6 wameshanielewa. Kwa wasioujua, ni mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Ninja Kiwi ya New Zealand. Maputo yanapita njiani, wewe unapanga tumbili wenye mishale, mabomu na uchawi wayapasue kabla hayajafika mwisho. Mtoto wa darasa la pili anaucheza, tena anaufurahia.

Ila kuna kona moja ambako mtoto huyo atalia. Inaitwa CHIMPS. Unaanza raundi ya 6 ukiwa na dola 650 za mchezo, unatakiwa umalize raundi ya 100, na una uhai mmoja tu. Puto moja likipita, kwisha habari yako. Hakuna kulipia ili uendelee ulipofia. Hakuna mashamba ya ndizi ya kukuingizia kipato cha ziada. Hakuna silaha za dharura. Hata ile huduma ya fedha maradufu ambayo watu wameinunua kwa hela halisi, humu haifanyi kazi. Na ukimweka tumbili mahali pabaya huwezi kumuuza. Atakaa hapo hapo akikutazama mpaka mwisho.

Sasa yapeleke masharti hayo kwenye ramani za ngazi ya juu kabisa. Dark Castle. Quad yenye njia nne. #Ouch, ambayo njia zake zinapishana kama hiyo alama iliyo kwenye jina lake. Hapo ndipo wanaume na wanawake wanapokunja sura ndani ya daladala, watu wanadhani wamefiwa.

Mimi CHIMPS naipenda kwa sababu moja. Michezo mingi ya simu imegeuka genge la kuuza ushindi: mwenye hela anapita, asiye nazo anaambiwa asubiri saa nne. Humu, mwenye simu ya milioni tatu na mwenye simu iliyopasuka kioo wote wanaanza na dola 650 zile zile. Kichwa chako ndicho mtaji.

Halafu anakuja mtu na desa.

Mnawajua. Anafungua YouTube kwenye simu moja, mchezo kwenye simu nyingine. Video ikisema weka tumbili hapa, anaweka. Ikisema boresha raundi ya 35, anaboresha. Baada ya saa mbili anapata medali nyeusi, ile ya wanaomaliza bila kutoka katikati, anaipiga picha na kuiweka status. Eti yeye noma! Noma ya nani? Huyo ni karani wa kunakili.

Utetezi wao naujua. "Aah, ni mchezo tu." Kama ni mchezo tu, mbona unajitangaza? Wa pili: "Kwani shuleni hatukufundishwa?" Tulifundishwa, sawa, lakini mwalimu mzuri alitueleza kwa nini. Chukua DDT zinazokuja kwa kundi raundi ya 95. Zinakimbia, zimejificha machoni pa tumbili wengi, zina gamba la madini linalodundisha mishale ya kawaida, na mabomu ya kawaida hayazidhuru. Ukishayaelewa hayo manne, unajua cha kutafuta kwenye ramani yoyote. Aliyedesa anajua kidole kiguse wapi, basi. Na watengenezaji hubadilisha bei na nguvu za tumbili mara kwa mara. Desa la zamani linakufia mkononi raundi ya 63, kauri zimejazana njiani, na mwenye desa analalamika kwamba mchezo umeharibika.

Nikiri dhambi yangu. Dark Castle nilidesa. Nikatamba nayo ofisini. Nilipohamia Quad nikafa raundi ya 63 mara nne mfululizo, sijui hata nimeuawa na nini. Ndipo nikaachana na video. Wiki hii nimefika raundi ya 100 kwa akili yangu, nikalipasua lile pandikizi la mwisho, BAD, nikaruka kitandani kushangilia. Kumbe ndani yake hutoka ZOMG mbili na DDT tatu. DDT moja ikapita. Saa nane usiku! Niliumia, lakini safari hii nilijua kosa langu lilikuwa wapi. Kesho yake nikalirekebisha, nikashinda. Hiyo medali ni yangu.

Kwa nini naandika haya kwa uchungu? Kwa sababu mwaka wangu wa kwanza gazetini nilichukua taarifa ya kampuni moja nikaibandika kama ilivyo, jina langu juu. Asubuhi msomaji akapiga simu, ana swali moja tu: hizo ajira ni za kudumu au za kibarua? Nikashikwa na kigugumizi. Nilikuwa nimegusa nilipoambiwa niguse. Na wengi wetu tuliotoka chuo kikuu tulifaulu mitihani hivyo hivyo, tukaingia kazini tukisubiri mtu atuwekee video ya maisha.

Sisemi mfute YouTube. Jaribu mwenyewe kwanza. Ufe. Ujue kilichokuua. Hapo nenda katazame mwenzako alifanyaje, utamwelewa. Na kama umedesa, sema umedesa, hakuna atakayekukata kichwa. Ila usituwekee hiyo picha.

Nawasilisha. Mwenye hoja ailete tulumbane. Mimi naelekea #Ouch.