Tusimfiche Mtoto Zimwi

Juma lililopita, nikiwa nimeketi barazani hapa Machakos baada ya sala ya alasiri, alinijia jirani yangu mmoja amekunja uso. Mkononi alishika kitabu chembamba chenye picha ya zimwi, jalada zima. "Mzee," akaniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Andika, uwaambie wachapishaji waache kuwatia watoto wetu hofu. Kijana wangu wa miaka tisa, leo siku ya tatu, halali ila taa iwake."

Nilimwahidi kuwa nitaandika. Leo natimiza ahadi, ingawa nachelea hatayapenda nitakayoyasema.

Nilipokuwa na umri wa kijana huyo nilikuwa chuoni, kwetu Pwani, na sijaona bado mahali palipomtia mtoto hofu kama pale. Maalim wetu alitusimulia habari za Munkar na Nakir, na Yajuj na Majuj waliozuiliwa nyuma ya ukuta wa Dhulkarnaini, na Nabii Yunus ndani ya tumbo la samaki, kiza juu ya kiza. Usiku nikijifunika shuka gubigubi. Lakini Maalim hakutuingiza gizani akatuacha humo. Alipomtaja Yunus alitufundisha na dua aliyotokea nayo, na kabla ya kulala tulisoma Ayatul Kursiyyu. Hofu ilikuja na dawa yake.

Nyumbani nako bibi yangu alitungojea na Nunda. Hadithi hiyo ni ya zamani. Edward Steere aliisikia Unguja akaitia katika kitabu chake cha ngano za Waswahili, kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Ni kisa cha paka wa Sultani Majnuni. Alianza kwa kula ndama, akaja akala mbuzi, akala ng'ombe, mwisho akala watu. Kila raia walipokwenda kushtaki, Sultani aliwajibu kuwa paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Hakuzindukana mpaka paka alipowala wanawe mwenyewe. Aliyemwua ni kitinda mimba, yule ambaye hakuna aliyemtazamia.

Nawauliza, ndugu wasomaji: ni somo gani la uraia lililo bora kuliko hilo kwa mtoto wa miaka tisa? Dhuluma huanza na ndama. Mkubwa asiyemkataza paka wake leo, kesho atamlilia mwanawe. Na mdogo naye anaweza kulimaliza jambo lililowashinda wakubwa. Ukimwondoa Nunda kwa kuwa anatisha, huna hadithi tena. Una paka na bakuli la maziwa.

Hapa Ukambani hawana haja ya kuazima kwetu. Wanaye Eimu, na ngewa zake zilisimuliwa jioni mekoni. Bibi mmoja mzee wa upande wa Mutituni amenieleza kuwa Eimu hujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa, na msichana anayedanganyika kwa sura hushtukia yuko nyumbani kwa mla watu. Je, binti zetu wa leo, wanaoposwa kwa simu na watu wasiowajua, hawakihitaji kisa hicho? Na Eimu anapouawa, akaniambia bibi yule, hukatwa kidole kidogo, wakatoka watu wote aliowameza, wazima. Ndiyo maana wajukuu wake walilala baada ya kusikia.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ushirikina, na mtu wa dini hayamfai. Steere niliyemtaja alikuwa padri, na baadaye askofu. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, msomi wa dini mwenye sifa duniani na kasisi vilevile, alikusanya ngano za Wakamba akazitoa katika kitabu mwaka 1966, na mazimwi wamo tele. Mtu na imani yake hapotezwi na ngano.

Hofu mbaya ipo, sikatai. Wakati wa ukoloni, Pwani na hata Nairobi, watu wazima walikuwa wakiwakimbia wazima moto kwa uvumi kwamba ndio mumiani, wanyonya damu. Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hiyo. Tazama tofauti yake na ngano. Uvumi hauna mwisho, hauna shujaa, wala hauna msimulizi wa kuulizwa swali. Huingia nyumbani ukakaa. Ngano ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kadhalika mama anayemwambia mwanawe, "Lala, zimwi linakuja," huyo hasimulii. Amelifanya zimwi kuwa fimbo. Na zile picha za damu tupu ambazo watoto huzitazama peke yao katika simu, sizitetei hata kidogo.

Jambo linalonikera zaidi ni hili. Mtoto huyu tunayemfunika macho leo, akifika sekondari ataulizwa katika mtihani wa Kiswahili azieleze ngano za mazimwi na sifa zake. Atazikariri kama orodha ya bidhaa dukani, naye hajatetemeka hata usiku mmoja ubavuni mwa bibi yake. Tumeacha kusimulia, kisha tunawalaumu wanaoandika.

Nirudi kwa jirani yangu. Siku ile nilimwomba amwite kijana wake. Alikuja, akaniamkia kwa adabu, akasimama nyuma ya babake. Nikamwuliza, "Mwisho zimwi lilifanywaje?"

"Sijui, babu," akajibu. "Baba alinipokonya kitabu watoto wangali wamo ndani ya gunia."

Babake akatazama chini. Siku tatu kijana hakulala, na kumbe haukuwa ubaya wa mwandishi. Mwandishi alikwisha kuwatoa watoto guniani, kurasa sita mbele, nami nilizihesabu. Aliyewafunga tena ni mzazi, kwa mapenzi yake.

Bwana jirani, naona kitabu ungali nacho kwapani kila unapopita. Usikirudishe shuleni, wala usiwaandikie wachapishaji. Usiku wa leo keti kitandani kwa mwanao, fungua pale ulipomkatiza, msome pamoja mpaka mwisho. Kisha mwulize yeye kama anataka taa izimwe.