Baada ya Waret, zamu ya wazee wa Mirerani
Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023, yakaua watu zaidi ya 80. Mwaka mmoja baadaye nyumba zaidi ya 100 za waathirika zilikuwa zimesimama katika eneo la Waret, baadhi zikijengwa na Msalaba Mwekundu. Kumbe tukiamua, tunajenga. Basi mkoa huohuo wa Manyara uwageukie wazee wa Mirerani, ambako tanzanaiti imechimbwa tangu 1967 na wengi wasiojua mshahara, wakisubiri mgawo siku jiwe litakapopatikana. Anayeshindia posho ya chakula hana pensheni anapofikisha miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamwita mzee. Ana kikohozi cha vumbi na chumba cha kupanga. Makazi ya serikali yapo Magugu, Babati, lakini hayo ni ya mzee asiye na wa kumtunza, na mchimbaji anastahili paa kabla hajafika huko. Wapo waliowahi kulitatua tatizo kama hili: huko Durham, Uingereza, mchimbaji akistaafu alifukuzwa katika nyumba ya kampuni. Mwaka 1898 wachimbaji wenyewe, wakichochewa na mwenzao Joseph Hopper, walianza kuchangishana kutoka mishahara yao, na chama chao kikawajengea wazee wao nyumba. Mirerani ina njia rahisi zaidi: tangu ukuta unaoizunguka migodi ukamilike 2018, mawe hukaguliwa langoni na kutozwa ada za serikali. Wamiliki wa migodi na madalali wakubaliane hapohapo juu ya mchango mdogo wa nyumba, na halmashauri yao ya Simanjiro itenge kiwanja.