Shule za vyama vya kale vya London: hisani kwa maskini au shule za matajiri?

Tangu Januari 1, 2025, ada za shule binafsi nchini Uingereza zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 20. Kuanzia Aprili mwaka huohuo, shule binafsi za England zilizosajiliwa kama taasisi za hisani zilianza pia kupoteza nafuu ya kodi ya majengo. Serikali inasema fedha hizo zitasaidia shule za umma, ikiwemo kuajiri walimu 6,500. Shule zinajibu kwamba wazazi wa kipato cha kati watashindwa kulipa, na ufadhili kwa watoto wasio na uwezo utapungua.

Nyuma ya mvutano huu kuna historia ya zaidi ya miaka 500. Baadhi ya shule hizo zilikabidhiwa vyama vya kale vya wafanyabiashara na mafundi wa London ili zisomeshe watoto bure. Tunaeleza zilifikaje zilipo leo, na jambo hilo linakuhusu vipi wewe uliye kwenye ushirika au kikundi cha kijijini.

Vyama hivi ni vipi?

Zamani, kila kazi mjini London ilikuwa na chama chake: wauza hariri, wafua dhahabu, washonaji, wauza ngozi za manyoya. Chama kilikagua ubora wa bidhaa, kilisimamia vijana wanaojifunza kazi, kilizika wanachama na kutunza wajane. Leo viko zaidi ya 110. Vingi vimeacha biashara iliyovianzisha. Kazi yao kubwa sasa ni hisani, hasa elimu na makazi ya wazee.

Fedha zinatoka wapi?

Mwanachama tajiri aliweza kuacha nyumba au mashamba mikononi mwa chama, kwa sharti kwamba kodi ya pango itumike kwa jambo alilolitaja. Wasikilizaji wetu wa pwani wataona inafanana na wakfu: mnazi haukatwi, huangushwa nazi.

Mwaka 1509, John Colet, mkuu wa kanisa la St Paul's, alitumia mali aliyorithi kuanzisha shule ya wavulana 153 wasome bila ada. Idadi hiyo ni ya samaki walionaswa katika Injili ya Yohana. Usimamizi hakuwapa viongozi wenzake wa kanisa. Aliukabidhi kwa Mercers, chama cha wauza hariri na vitambaa vya thamani, ambacho baba yake alikuwa mwanachama.

Robert Aske, mfanyabiashara wa hariri aliyefariki mwaka 1689, aliwaachia Haberdashers pauni 20,000. Alitaka yajengwe makazi ya wanachama 20 waliofukarika, na shule ya wavulana 20.

Nini kilibadilika?

Shule zilipata sifa, na sifa ikawaleta wenye fedha. Majengo yalipanuka, gharama zikapanda, wanafunzi wa kulipa wakaongezeka. Leo ada ya St Paul's inazidi pauni 25,000 kwa mwaka. Wanaofadhiliwa bado wapo, lakini wanaolipa ndio wengi. Hayo hayakutokea kwa siku moja. Kila kizazi cha wasimamizi kilisogeza mpaka kidogo.

Hata hivyo, si vyema kuvihukumu vyama vyote kwa shule za ada tu. Haberdashers wana pia shule kusini mashariki mwa London ambazo wanafunzi hawalipi chochote, kwa kuwa zinagharimiwa na serikali. Mercers, pamoja na halmashauri ya jiji, wanaendesha Chuo cha Gresham, ambacho tangu 1597 kinatoa mihadhara ya bure. Siku hizi mihadhara hiyo inasikilizwa hata kwa simu, ingawa ni ya Kiingereza.

Msaada wao ulifika hadi kwetu. Mwaka 1878, jiji la London na vyama 16 walianzisha taasisi ya City and Guilds ili kukuza mafunzo ya ufundi. Mitihani yake ilifanywa pia Afrika Mashariki. Kwa fundi umeme au makanika wa zamani wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, cheti cha City and Guilds kilikuwa tiketi ya ajira.

Tunajifunza nini?

Kwanza, chama cha kazi kinaweza kusomesha watoto kwa karne nyingi kikiwa na mali inayozaa, kuliko kutegemea michango ya harambee ya kila msimu.

Pili, nia njema ya mwanzilishi haijilindi yenyewe. Ikiwa kikundi chenu kinatenga fedha za masomo, katiba iseme wazi nani anastahili, nani anachagua, na watoto wangapi wa familia zisizo na uwezo lazima wapate nafasi kila mwaka. Idadi ikiandikwa, mkutano mkuu una cha kuuliza.

Tatu, hesabu zisomwe hadharani. Swali linaloulizwa Uingereza leo ni lilelile linalopaswa kuulizwa chini ya mwembe siku ya mkutano: faida ya mali hii, mwaka huu, imemsomesha mtoto wa nani?