Jiwe Lisilojitetea

Imezagaa kauli, katika warsha za sanaa na hata katika dibaji za diwani, kwamba mtu aliyepatwa na msiba akitaka kujitambua na achonge sanamu yake mwenyewe, kisha aipambe kwa alama: ndege arukaye awe uhuru, mnyororo uliokatika uwe mateso yaliyopita, mlango ulio wazi uwe maisha mapya, chungu kilichovunjika kiwe yule aliyeondoka. Akimaliza, huambiwa, atakuwa ameipata nafsi yake na ameuzika msiba wake kwa wakati mmoja. Kauli hii ni tamu, na utamu wake ndio unaoifanya ipite bila kuulizwa. Walakini si ya kweli. Alama zinazochaguliwa namna hiyo hazimfichulii mtu lolote asilolijua. Humvika joho tu. Mwenye msiba hutoka humo akiwa safi kuliko alivyoingia: ameonewa, amevumilia, ameshinda. Katika orodha yote ile hakuna hata alama moja inayosimama badala ya kosa lake.

Ipo kazi moja inayoivunja kauli hiyo. Ni sanamu mbili za Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1867 na kufariki Aprili 1945, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kukoma barani Ulaya. Zimepiga magoti katika makaburi ya askari wa Kijerumani huko Vladslo, Ubelgiji: baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja juu ya kitako chake, na baina yao pengo. Jina lake la Kijerumani huweza kufasiriwa "Wazazi Waombolezao", lakini tafsiri hiyo ina kasoro. Kuomboleza kwa Kiswahili kuna sauti, kuna mikono kichwani na majirani kuja mbio. Na sanamu hizi hazitoi hata pumzi. "Wazazi Waliofiwa" lingekaribia zaidi, ingawa nalo, kama itakavyoonekana, linawapa unafuu ambao mama yule hakuutaka.

Vita vilipozuka Agosti 1914, mwanawe mdogo, Peter, alikuwa na miaka 18. Alitaka kujiandikisha kwa hiari, na kwa umri wake alihitaji idhini ya baba. Baba, Karl Kollwitz, tabibu aliyewatibu wafanyakazi wa mtaa wa kimaskini mjini Berlin, alikataa. Kijana akamgeukia mama. Mama akamwombea, na baba, kwa kusihiwa na mkewe, akakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba Peter akauawa karibu na Diksmuide, hata mwezi wake wa kwanza vitani haujatimia.

Hapa lugha yenyewe inafaa isikilizwe. Kitenzi "kufa" huzaa "kufia", na "kufia" huzaa "kufiwa". Mfiwa hatendi, hutendewa. Mauti yamemjia, naye ameketi jamvini akipewa mkono. Sarufi imemwondolea lawama kabla hajafungua kinywa, na ni rehema hiyo, maana wafiwa walio wengi hawana walilotenda. Käthe Kollwitz hakuweza kukaa ndani ya kitenzi hicho. Alifiwa, ndiyo, lakini pia alitoa. Ulimi uliomsihi baba ulikuwa wake. Kujitambua kwake hakukuwa kuiokota nafsi iliyopotea, kama kito kilichokuwa kikimngoja mchangani. Kulikuwa kuukuta mkono wake mwenyewe ndani ya jambo alilokuwa akililia.

Hakuukuta kwa siku moja. Desemba 1914 alianza kubuni ukumbusho, na mpango wake wa kwanza ungesifiwa katika warsha yoyote ya leo: kijana amelala, baba yuko kichwani, mama yuko miguuni, na pahali pake pawe juu ya mto Havel, pembeni mwa Berlin, kwa heshima ya vijana wote waliojitolea. Ulikuwa mpango wa kafara. Na kafara ina uzuri wake wa hatari: kilichotolewa hutakasika, na aliyetoa akatakasika pamoja nacho. Aliuhangaikia kwa miaka, na mwaka 1919 akauvunja.

Katikati ya miaka hiyo lilikuwapo tukio dogo ambalo wapenzi wa ushairi wangefaa kukaa nalo. Oktoba 1918, Ujerumani ikiwa imekwisha kushindwa isipokuwa kwa jina, mshairi Richard Dehmel alitoa mwito wanaume wajitolee kwa mapigano ya mwisho. Kollwitz alimjibu hadharani katika gazeti la Vorwärts: damu iliyomwagika imetosha. Akaazima na usemi wa Goethe kuhusu mbegu za kupandia. Mshairi ndiye aliyekuwa akiwaita vijana. Mchongaji ndiye aliyesimama mlangoni kuwazuia. Miaka mitatu, minne baadaye, katika chapa zake za mbao za mfululizo wa Vita, alimwonyesha mama akimwinua mtoto mchanga kumtoa. Hapo jicho la mtazamaji haliendi tena kwa kijana aliyelala kwa fahari. Linaishia katika mikono inayotoa.

Alipoirudia kazi ya sanamu katikati ya miaka ya 1920, na alipokwisha kulizuru kaburi la mwanawe mwaka 1926, mtoto alikuwa ametoka. Walibaki wazazi. Baba amenyooka juu ya magoti, mikono ameikunja na kujishika mbavu kwa nguvu, kama mtu auzuiaye mwili wake usipasuke. Mama ameinama, nguo ameivuta karibu, kichwa kimekwenda chini. Nyuso ni za Karl na za Käthe wenyewe. Mafundi wa mawe walizichonga kwa itale ya Ubelgiji kutokana na mifano yake ya plasta, na Julai 1932 zikawekwa katika makaburi ya Roggevelde. Katikati ya miaka ya 1950 makaburi yalipohamishwa, zilihamia Vladslo pamoja na wafu. Ndege hayupo. Mnyororo haupo, wala upanga uliovunjika, wala ua. Miaka kumi na minane ilitumika kuondoa, si kuongeza.

Atasema mjuzi wa tungo kwamba magoti nayo ni alama, na kwamba ushairi bila istiari ni mahesabu ya duka. Kweli tupu. Hakuna anayeipiga vita alama kwa kuwa ni alama. Kinachogombwa ni alama isiyomgharimu mwenye kuitumia. Ndege na mlango wazi zimo sokoni, kila mtu anachukua. Magoti yale hayakuwamo sokoni. Yalitoka katika chumba kimoja, katika jioni moja ya Agosti, ambapo mwanamke alimwomba mumewe jambo naye akapewa. Na msomaji wa visiwani ambaye dini yake haimruhusu kuchonga kiumbe hadhuriki kulisoma jiwe hili kama asomavyo marsiya, maana ugonjwa ni ule ule. Ni marsiya ngapi ambamo mtunzi analia tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, vina vimekaa sawa, mizani haikupungua hata moja, na hakuna mahali asemapo kwamba aliahirisha safari ya kumtazama mgonjwa mpaka ikawa safari ya maziko?

Lipo pingamizi zito zaidi. Peter Kollwitz alikufa akiwa mvamizi. Jeshi lake liliingia Ubelgiji bila kualikwa, na dola aliyoipigania ndiyo iliyoteketeza vijiji vya kusini mwa Tanganyika wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwa nini watu wa pwani hii wamlilie? Hawatakiwi kumlilia. Hiyo ndiyo tofauti ya sanamu hizi na kumbusho nyingi za vita: haziombi chozi. Aliyemtoa mwanawe akaivamie nchi amechongwa akiwa amepiga magoti katika ardhi ya nchi hiyo hiyo iliyovamiwa. Hakujitetea kwa ujana wa mwanawe wala kwa msisimko wa siku zile, nao ulikuwa mkubwa kweli.

Na vita hivyo havikuwa vya mbali. Siku kumi hivi baada ya Peter kufa, Waingereza waliishambulia Tanga. Vikafuata miaka minne ambamo waafrika makumi ya maelfu, wengi wao wapagazi, walikufa kwa maradhi na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili. Mtaa wa Kariakoo umebeba jina la kikosi cha wapagazi hao mpaka leo. Katikati ya Dar es Salaam, mahali ilipokuwapo sanamu ya Hermann von Wissmann iliyoondolewa mwaka 1916, ilizinduliwa mwaka 1927 sanamu ya askari wa shaba, kazi ya James Alexander Stevenson. Anasonga mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maneno ya ukumbusho alitakiwa kuyatunga Rudyard Kipling.

Kipling hakuwa mgeni wa msiba. Mwanawe, John, alikataliwa jeshini kwa sababu ya macho mabovu. Baba akatumia ujamaa wake na wakubwa hadi kijana akapata cheo katika kikosi cha Irish Guards. Septemba 1915 John akauawa huko Loos, Ufaransa, na umri wake ulikuwa 18, sawa na wa Peter. Wazazi wawili basi, wa pande mbili za vita vimoja, na kila mmoja mkono wake ulikuwamo. Haki itendeke: katika tungo fupi za makaburini alizozitoa mwaka 1919, Kipling aliwapa wafu sauti ya kuwashitaki baba zao, na hakuna haja ya kudhani kwamba hakujihesabu miongoni mwa baba hao. Lakini alipotakiwa kuwaandikia wafu wa watu wengine, waafrika, mkono ulirudia mazoea. Maandishi ya Dar es Salaam yanaahidi kwamba afaye kwa ajili ya nchi yake watoto wake watalikumbuka jina lake. Juu ya ukumbusho huo hakuna jina hata moja.

Hilo si neno la kishairi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, mrithi wa ile ile iliyomtumia Kipling kama mshauri wa maandishi, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Miaka tisini na minne ilipita baina ya ahadi na radhi. Askari wa shaba ni kazi nzuri ya mkono, na wapitao huipenda. Bali ni alama ya aina ile ya warsha, iliyochaguliwa na asiyetaka kuulizwa. Ushujaa umo, uaminifu umo. Aliyemtuma askari hayumo, na mama yake askari hayumo.

Hata kazi ya Kollwitz haikusalimika na ugonjwa huo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliumba sanamu ndogo ya shaba, yenye urefu usiozidi sentimita 40, ya mama aliyempakata mwanawe mfu. Kitu cha kuwekwa mezani. Mwaka 1993 serikali ya Helmut Kohl iliamuru ikuzwe mara nne, ikawekwa katika jengo la Neue Wache mjini Berlin kuwa ukumbusho wa taifa wa wahanga wote wa vita na udhalimu. Mwanahistoria Reinhart Koselleck alipinga: mama amliliaye mwana aliyekwenda vitani hawezi kusimama kwa ajili ya Wayahudi waliouawa na Ujerumani yenyewe, wala kwa wanawake waliokufa bila wa kuwapakata. Alikuwa na haki. Mama yule alikuwa na hesabu yake moja, iliyomtosha na kumzidi. Dola iliikuza hesabu ya mtu mmoja mara nne, ikadhani imelipa madeni yote.

Limebaki lile la kuponya, ambalo wapenda warsha hulitegemea sana. Mwenye kuchonga, wanasema, hupona. Käthe Kollwitz alikuwa na umri wa miaka 65 sanamu zake zilipowekwa makaburini, nusu mwaka tu kabla ya Hitler kushika madaraka. Mwaka 1933 alilazimishwa kujiuzulu katika Akademia ya Sanaa ya Prussia, iliyokuwa imempokea mwaka 1919. Mwanawe mkubwa, Hans, alikuwa amempa mtoto wake wa kiume jina la Peter, jina la ami yake. Septemba 1942 Peter huyo wa pili akauawa vitani Urusi. Nyanya yake alikuwa na miaka 75, mumewe amekwisha kufa. Mwaka huo alichora mchoro wake wa mwisho wa chapa ya mawe: mwanamke mzee amewafunika wavulana watatu kwa koti lake, mikono ameikaza juu yao, nao wanachungulia nje wakitamani kutoka.

Huko Ubelgiji wale wawili walikuwa wamepiga magoti mwaka wa kumi huo. Hawakuongezewa kitu.