Kocha naye awe na kocha wake

Jumamosi alasiri, kwenye kiwanja cha vumbi Mtendeni, mjini Tabora, kocha kijana alimtoa uwanjani mtoto wa miaka 11 mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Akamwambia mbele ya wenzake: "Leo umekuja kutembea." Jumatatu mtoto hakuonekana mazoezini. Jumatano vilevile. Alhamisi mama yake alipita na viatu vya mpira mkononi. "Mwalimu, chukua, mpe mwingine. Wangu hataki tena."

Kocha huyo ana bahati ambayo wenzake wengi hawana. Yuko mzee mmoja, kocha mstaafu, ambaye humwendea kila Jumapili asubuhi. Shida ni kwamba kwa miezi mitano alikuwa akienda kusimulia ushindi tu. Tumewafunga watatu, tumewafunga wanne. Mzee anasikiliza, chai inanywewa, wanaagana. Hayo yalikuwa maongezi, malezi bado.

Jumapili ile alikwenda na viatu vya mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivyo vya nani?"

Alitegemea kuambiwa kwamba watoto wa siku hizi ni legelege. Mzee akauliza tu: "Alipokuwa anatembea, alikuwa anaangalia wapi?" Kijana hakukumbuka. "Alikuwa amekula mchana?" Hakujua. "Na wewe, ulimkasirikia mtoto, au lile goli mlilofungwa?" Hapo kijana alikaa kimya muda mrefu.

Siku hizi ukocha una ngazi zake. TFF huendesha kozi za leseni za CAF, na daraja D ni la mwanzo. Anayeutaka ukocha uwe kazi yake hana budi kuzipanda. Lakini mkufunzi wa kozi hamfuati mtu kiwanjani siku ya hasira. Hiyo ni kazi ya mlezi, naye mlezi hawezi kusaidia jambo aliloficha mwanafunzi wake. Kijana anayekwenda kwa mlezi wake aende na lile lililomshinda wiki hiyo, tena liwe moja. Aliandike siku ileile, maana kufikia Jumapili kila mtu huwa ameshajitengenezea hadithi inayompendeza. Mambo ya nyumbani kwa mtoto asiyataje kwa jina.

Jambo gumu zaidi ni kukubali kutazamwa. Kusimulia kazi ni rahisi. Kumkaribisha mzee akae kwenye benchi anakuona unavyofoka, hapo ndipo wengi hukwepa. Wapo pia wanaopotea upande wa pili: wanamwiga mlezi hadi mluzi na kikohozi, na siku akihama hawajui waanzie wapi. Ni vizuri wawili hao wapatane mapema watakutana mara ngapi, na baada ya muda gani waulizane kama bado wanafaana.

Tabora inao mfano wake. Julius Nyerere alipotoka Makerere alifundisha St Mary's hapahapa mjini, na mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, akawa mlezi wake. Padri huyo ndiye aliyemsaidia kupata njia ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Mlango alifunguliwa, masomo akayafanya mwenyewe. Aliporudi mwaka 1952 alikuwa na shahada ya M.A.

Mzazi anayempeleka mwanawe mazoezini kwa kawaida huuliza ada na saa ya kumaliza. Amuulize kocha na swali hili: nawe nani anakuangalia? Kocha mwenye mlezi hujibu bila kigugumizi. Anayekasirika kwa kuulizwa, naye amejibu.

Kijana wa Mtendeni alimwomba mzee waende wote kwa mama yule. Mzee akakataa: "Ulimwambia peke yako, kaombe radhi peke yako." Akaenda jioni, akamwomba mtoto radhi mbele ya mama yake, viatu akaviacha mlangoni. Mama hakusema mengi.

Mtoto alirudi baada ya wiki mbili. Uwinga hautaki tena, ameomba kudaka. Jumamosi iliyofuata mzee aliketi nyuma ya goli lake na daftari, akimtazama kocha.